Programu ya Mwisho ya Shangazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika programu za hospitali yetu, Shangazi anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu wa Juni. Jina lake kamili limeandikwa kwenye kadi ya mwaliko kwa wanaolihitaji. Sisi wa kitengo cha kompyuta hatulitumii, na ukimuulizia kwa jina hilo getini, walinzi watakwambia mtu kama huyo hapa hayupo. Ni Shangazi. Alibatizwa hivyo mwaka wake wa kwanza kazini kwa sababu ana tabia zote za dada wa baba: anakupenda, anahakikisha umekula, na ukiharibu anakwambia mbele ya watu.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa meza yangu imetazamana na yake kwa muda mrefu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Nilikubali haraka haraka. Sikujua kwamba wiki hiyohiyo Shangazi mwenyewe angenipa kazi ya pili.

Kwetu, programu inayogusa kitu kinachotumiwa na watu haiwashwi mpaka mtu wa pili aisome yote, mwanzo hadi mwisho, kisha aandike chini yake "Nimesoma: ndiyo" au "Nimesoma: hapana." Anayeandika hapana lazima aeleze sababu, tena kwa maneno ambayo mtu asiye wa kompyuta atayaelewa. Kanuni hiyo aliiweka Shangazi, na nitaeleza ilikotoka. Basi siku moja baada ya kamati kuniona, nilifungua foleni yangu ya kazi nikakuta programu yake fupi, safi kama kawaida yake, ikinisubiri mimi. Kazi ya programu hiyo ni moja. Leo, sherehe ikishamalizika na viti vikishakunjwa, ifute blogu yake yote, isibaki hata herufi.

Blogu hiyo inaitwa Nilipokosea. Wengi wenu mmeisikia, na wachache mmeisoma. Chini ya programu aliandika sababu zake, kama kanuni inavyotaka: haisomwi, imepitwa na wakati, na siku hizi vijana wanauliza mashine zinazojibu. Akamalizia kwamba anaondoka, na hataki kuwaachia wenzake vyombo vichafu.

Kwa hiyo nikawa na kazi mbili kuhusu mtu mmoja, na kwa kuwa mimi ni mvivu, nimeziunganisha. Huu ni wasifu, na pia ni jibu. Shangazi, kila asubuhi umeniuliza kama nimesoma, nami kila asubuhi nimekujibu kwamba bado nasoma. Nilikuwa nasoma kweli. Kaa vizuri kwenye hicho kiti chenye maua.

Shangazi alipofika hapa, hospitali ilikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa masjala, imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi, na hakuna aliyethubutu kukifunua. Ya pili ilikuwa ofisini kwa mganga mkuu, ikibeba chombo cha maua. Chumba alichopewa kilikuwa kati ya dobi na stoo ya magodoro, na ndimo tunamokaa hadi leo. Mvuke wa pasi za dobi unapenya ukutani, kiasi kwamba ukija asubuhi na shati lenye mikunjo, kufikia mchana limenyooka lenyewe. Wageni wanashangaa tunavyopendeza.

Humo ndimo alimoandika programu ya usajili, kisha ya maabara, kisha ya stoo ya dawa, kisha ya kliniki ya watoto. Mgonjwa wa leo anataja namba yake na faili linafunguka. Haoni ajabu yoyote. Wale wa zamani wanalikumbuka neno "halionekani," lililotamkwa dirishani na karani aliyekwisha kuangalia pembeni, na wanakumbuka safari za kurudi kesho. Shangazi aliliua neno hilo. Kama angefanya hilo peke yake, ningekuwa na wasifu wa kutosha na ningeketi nikala keki.

Ila alikuwa na tabia nyingine, nayo ilianza kwenye programu ya foleni. Namba za foleni zilikuwa zikiendelea wiki nzima bila kuanza upya, na Shangazi alikuwa ameziachia nafasi ya tarakimu tatu tu. Ilipofika mia tisa tisini na tisa, mgonjwa aliyefuata akapewa sifuri. Mashine haina macho. Ikamwita yeye kwanza. Alikuwa mzee mwenye jino linalomuuma, ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akapita katikati ya ukumbi mzima wa watu waliokuwa wamekaa tangu alfajiri. Ukumbi uliwaka moto. Mlinzi aliitwa, naye akaishia kuulizwa yeye yuko upande wa nani.

Shangazi alirekebisha kosa kabla ya chai ya saa nne. Halafu akafanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Alichapa ukurasa mmoja akieleza, kwa lugha ya watu, kwamba alidhani wagonjwa hawatafika elfu kwa wiki, kwamba namba zikijaa hugeuka kuwa sifuri, na kwamba kosa ni lake na wala si la mzee wa jino. Akaubandika kwenye ubao wa matangazo wa ukumbini. Kichwa chake kilikuwa neno moja, Nilipokosea. Watu waliokuwa wakifoka wakausogelea, wakasoma, wakaanza kucheka. Mmoja akachukua kalamu akaandika pembeni: "Sasa sisi tuliotangulia tulikosea nini?" Shangazi akajibu chini yake kwa kalamu: "Kuwahi." Huo ndio mjadala wa kwanza wa blogu hii, na hospitali ilikuwa bado haijaunganishwa na mtandao.

Mtandao ulipokuja, aliuhamishia huko ukurasa ule na nyingine zilizofuata. Tangu hapo, kila alipovuruga kitu, alikirekebisha kwanza kisha akakaa kuandika kilivyovurugika. Alijiwekea mpaka mmoja ambao hakuwahi kuuvuka: anaandika makosa yake tu. Sisi wenzake tulifanya mengi, tena ya kuchekesha kuliko yake, na tulikuwa tukimbembeleza ayaandike. Alikataa katakata. Kosa la mwenzio ni umbea, anasema, la kwako ndilo somo.

Kila makala hupita kwanza kwa mumewe. Huyu ni fundi cherehani mwenye duka karibu na hapa, ndiye aliyemshonea koti alilovaa leo, na kwenye kompyuta hajui kitu wala hana mpango wa kujua. Shangazi humsomea Fundi huku yeye akishona. Cherehani ikisimama, makala imeeleweka, inakwenda mtandaoni. Cherehani ikizidi kukimbia, makala inarudi jikoni. Kuna makala zilizorudi jikoni mara nyingi mpaka wateja wa Fundi wakazijua kwa moyo.

Naomba nisieleweke vibaya. Si kila alichoandika ni dhahabu. Ile habari ya printa inayokula karatasi ina sehemu nne, na mimi niliyekuwepo tangu karatasi ya kwanza kuliwa sikuweza kuimaliza. Iko nyingine kuhusu nafasi tupu inayojificha mwisho wa jina la mgonjwa na kulifanya jina lisipatikane. Mpaka leo nikiifikiria najikuta nakuna kichwa. Na Shangazi akianza kueleza jambo, mwambie nyumbani wasikusubiri.

Alichekwa pia. Kwenye mkutano mmoja wa waandishi wa programu, bwana mmoja wa shirika kubwa alisimama akamuuliza ni nani duniani atakayesoma mambo ya kompyuta kwa Kiswahili. Ukumbi ulicheka, na mimi niliyekaa karibu naye nilitafuta pa kuweka uso. Shangazi alishika kipaza sauti kwa utulivu kabisa. Alisema makosa yake yote ameyafanya akiwaza kwa Kiswahili, sasa kwa nini ayaungame kwa lugha nyingine? Bwana yule aliketi.

Halafu kuna kisa ambacho yeye hapendi tukisimulie, na ndiyo maana nakisimulia. Mwaka fulani maabara ilikwama, naye akahangaika siku mbili na tatizo lililomgomea. Hatimaye akapata suluhisho kwenye ukurasa wa watu wa mbali, kwa lugha ya kigeni, likielezwa hatua kwa hatua. Lilifanya kazi mara moja. Alifurahi sana, akatusomea kwa sauti, akasema mwandishi huyu ana akili, ila jamani, maneno mengi! Kwa adabu yake akamwandikia barua pepe ya kumshukuru. Yule mtu akajibu kwamba shukrani hizo si zake. Yeye alitafsiri tu kutoka blogu moja iitwayo Nilipokosea. Shangazi alikuwa ameshasahau kwamba aliwahi kulitatua. Tulicheka mpaka dobi wakaja kuuliza kuna nini.

Sasa nifike kwenye mapacha, maana huko ndiko kanuni ilikotoka, na huko ndiko kicheko chetu kinakosimama kidogo.

Kliniki ya watoto ilikuwa na tatizo la rekodi maradufu. Mama akipoteza kadi, mtoto alisajiliwa upya, na mtoto mmoja akawa na rekodi mbili au tatu. Shangazi aliandika programu ya kuziunganisha. Rekodi mbili zenye mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, mtaa mmoja na namba moja ya simu, ni mtoto yuleyule, zifanywe moja. Aliijaribu kwenye rekodi chache ikafanya vizuri, akaiwasha kwa kliniki nzima. Rekodi zilipungua, kila mtu akampongeza, na daftari za ziada zikarudishwa stoo.

Hakuwa amewafikiria mapacha.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeling'amua kosa. Mama mmoja alikuja na mabinti zake wawili wachanga, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Kompyuta ikaonyesha mtoto mmoja, ambaye chanjo yake ya siku hiyo alishaipata dakika chache zilizopita. Muuguzi akatafuta wa pili, akatafuta tena, akamwambia mama kwa unyonge kwamba huyu mwingine kwenye kompyuta hayupo. Mama yule alikuwa amechoka. Akasema: "Basi mwiteni huyo kompyuta wenu aje ambebe huyu asiyekuwepo, maana mimi mgongo unaniuma." Shangazi alikuwa mlangoni, amekuja kubadilisha wino wa printa. Alisikia kila neno.

Aliizima programu papo hapo. Kwa wiki zilizofuata yeye na muuguzi walikwenda nyumba hadi nyumba, wakawatafuta mapacha wote waliounganishwa, na kila mtoto aliyekuwa amerukwa na chanjo akaipata. Hakuna aliyedhurika. Katika makala yake aliandika kwamba hilo lilitokea kwa bahati, na bahati si kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Makala hiyo nusura isiwepo. Uongozi wa wakati ule ulimshauri anyamaze: mambo yamekwisha, kwa nini kuyafukua? Aliambiwa wazi kwamba akiyatangaza atasimama peke yake, na kama kutakuwa na maswali kuhusu ajira yake, hakuna atakayeyajibu kwa niaba yake. Alikuwa na watoto wawili shuleni. Akaenda kwanza kwa yule mama akamwomba ruhusa ya kuandika bila kutaja jina lake. Halafu akaandika. Jioni akamsomea Fundi, na Fundi akasimamisha cherehani, akasema sentensi ambayo Shangazi aliitia kwenye makala vilevile ilivyotoka: suruali mbili zilizokatwa kitambaa kimoja si suruali moja. Asubuhi akaiweka mtandaoni, akaja kazini na kikapu kitupu cha kubebea vitu vyake, endapo angefukuzwa.

Hakufukuzwa. Kikapu kile tunawekea nyaya mpaka leo. Ndipo alipoleta kanuni ya Nimesoma, na tangu siku hiyo hakuna programu ya mtu mmoja inayogusa mgonjwa.

Hiyo ndiyo blogu anayotaka kuifuta leo jioni. Na mimi ndiye mtu wa pili.

Kusoma programu ya kufuta si kazi ngumu. Mistari ilikuwa sahihi yote. Shangazi hakosei kirahisi siku hizi. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba kabla hujaondoa kitu, lazima uulize ni nani amekiegemea. Basi nikaenda kuangalia sababu yake ya kwanza, kwamba haisomwi. Ushahidi wake ni kaunta ndogo aliyoiandika zamani, iliyoko chini ya ukurasa wa mbele, inayohesabu wanaofungua. Kwa miaka mingi kaunta hiyo haijavuka wasomaji watatu au wanne kwa siku. Tunawajua kwa sura. Wa kwanza ni Shangazi mwenyewe. Wa pili ni Fundi, kwenye simu yake, ingawa alishasomewa. Wa tatu ni dada yake mkubwa anayeishi mbali, ambaye haelewi neno hata moja lakini anafungua kila asubuhi. Akiona kuna kipya, anajua mdogo wake ni mzima. Wa nne ni mimi. Shangazi alikuwa akiitazama kaunta ile kila jioni kabla ya kuzima taa, na kila jioni alikuwa akiinua mabega. Sikuwahi kumwona akilalamika. Aliendelea tu kuandika, mwaka baada ya mwaka, akiamini anasomwa na mume, dada na jirani wa meza.

Nikafungua kumbukumbu za seva, ambazo huandika kila ukurasa unaofunguliwa na mtu yeyote. Nilizitazama nikadhani nimefungua kumbukumbu za kitu kingine. Nikazifunga, nikazifungua tena.

Kaunta ya Shangazi iko kwenye ukurasa wa mbele peke yake. Ni kama kumweka mlinzi ahesabu wageni kwenye geti kuu, ilhali hospitali ina geti la dharura, geti la wazazi na ule mlango wa dobi. Watu hawaji blogu kwa geti kuu. Wana tatizo, wanalitafuta mtandaoni, na wanatua moja kwa moja kwenye makala wanayoihitaji. Kaunta haijawahi kumwona hata mmoja wao. Na walikuwa wengi, jamani. Walikuwa wengi mno. Kurasa zilishuka kwenye skrini yangu mpaka nikaacha kusoma nikawa natazama tu, mkono mdomoni. Hata printa inayokula karatasi ina wasomaji wake, sehemu zote nne! Lakini ukurasa uliofunguliwa kuliko yote, kila siku ya kazi, saa za kazi, kutoka sehemu ambazo sijawahi kuzisikia, ulikuwa wa mapacha.

Nilitaka kujua ni akina nani. Niliandika mstari mmoja wa kuweka juu ya makala ile, kuomba aliyesaidika atuandikie. Mkuu wa kitengo akausoma, akaandika ndiyo. Tukasubiri.

Aliandika muuguzi wa kliniki moja nisiyoijua, kusema kwamba kila karani mpya kwao hupewa makala hiyo aisome kabla hajakabidhiwa kiti, na kwamba ndiyo maana wanaifungua mara kwa mara. Aliandika msichana anayejifunza kazi hii, kwamba alikuwa amekata tamaa kwa kudhani waandishi wa programu halisi hawakosei, mpaka alipomkuta mama mmoja anayekosea vizuri hivi. Aliandika mkunga ambaye si mtu wa kompyuta kabisa, akisema alianza kwa mapacha akajikuta amesoma blogu nzima kwa wiki mbili, na sasa fomu ikimkataa hajioni mjinga tena.

Na akaandika kijana mmoja, mwandishi wa programu kama sisi, kwenye hospitali ya mbali. Alikuwa amepewa kazi ileile ya kuunganisha rekodi maradufu. Alikuwa ameshaimaliza, imebaki kuwashwa. Kabla ya kuiwasha alitafuta kama kuna mtu amewahi kuifanya, akatua kwa Shangazi, akasoma. Naye ni pacha. Hakuwa amejifikiria. Alijitafuta kwenye rekodi za hospitali yake pamoja na ndugu yake, akaipa programu yake majina yao mawili, na programu ikarudisha mtu mmoja. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, nami nanukuu wote: "Mwambieni Shangazi sikuiwasha. Mimi na ndugu yangu bado tuko wawili."

Nilisoma sentensi hiyo nikainua macho. Nilitazama ng'ambo ya meza. Shangazi alikuwa amevua miwani anaipangusa kwa upindo wa khanga, akisubiri maji yachemke, hajui lolote. Nimefanya kazi na mtu huyu muda wote huu, nimekula naye, nimegombana naye juu ya feni, na siku ile nilimtazama kama namwona kwa mara ya kwanza.

Zilibaki sababu zake mbili. Kwamba imepitwa na wakati: ni kweli kwa programu zenyewe, nyingi hazitumiki tena. Lakini mapacha wanazaliwa kila wiki, na namba bado zinajaa. Na kwamba vijana wanauliza mashine zinazojibu. Hili nililipima mwenyewe. Niliiuliza mashine mojawapo, kwa Kiswahili, nifanyeje kuunganisha rekodi za watoto. Ikanijibu kwa ufasaha, hatua kwa hatua, na mwishoni ikanionya kuhusu mapacha, kwa maelezo kwamba suruali mbili zilizokatwa kitambaa kimoja si suruali moja. Fundi, hongera: unasomwa hata na mashine. Nayo, kama yule mtafsiri wa mbali, haikusema imeyatoa wapi.

Wapo wanaouliza kama maandishi ya watu wa kazi yetu yana faida yoyote, au ni mtu kujisemea peke yake. Nami niliuliza hivyo zamani, meza ikiwa imetazamana na jibu. Tunachoandika hatukioni kinapokwenda. Shangazi aliandika miaka yote hii akiamini hakiendi popote, na bado aliandika kwa uangalifu uleule, akimsubirisha Fundi mpaka cherehani isimame. Hilo ndilo linaloniacha hoi kuliko wingi wa wasomaji.

Kwa niaba ya uongozi, wauguzi, maabara, masjala, dobi na kitengo chako, tunakushukuru kwa kila faili linaloonekana. Tunamshukuru Fundi kwa masikio yake, na dada mkubwa kwa kufungua kila asubuhi. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu zetu, na makosa mapya machache, ya kutosha kuandikia.

Maana unadaiwa makala moja, Shangazi. Kaunta ni programu yako, uliiandika peke yako, hakuna aliyeisoma, na imehesabu vibaya tangu siku ya kwanza. Unajua kichwa chake kinavyoanza.

Kanuni yako inataka sababu za kukataa zieleweke na mtu asiye wa kompyuta. Kwa hiyo juzi nilikwenda dukani kwa Fundi nikamsomea wasifu huu wote, yeye akishona koti lako. Tulipofika kwa yule kijana na ndugu yake, cherehani ilisimama. Niliendelea kusoma mpaka mwisho, na haikuwaka tena.

Nimesoma: hapana.